Rauta Yako Inadedi Kila Usiku? Kabla Ulaumu Mvua ya Kericho, Soma Hii

Komredi yeyote anayekaa nje ya geti ya Chuo Kikuu cha Kabianga anaijua hii stori. Saa mbili usiku umetulia kejani, CAT ya onlaini inafungwa saa sita, ama uko na kazi ya kunakili sauti ambayo mteja anaitaka kabla ya asubuhi. Waifai inasimama. Taa za rauta zinawaka, alama ya waifai kwa simu iko, lakini hakuna kitu kinafunguka. Keateka anazima, anahesabu hadi kumi, anawasha. Mnapata dakika kumi za raha, halafu inadedi tena.

Hapo grupu ya WhatsApp ya ploti inawaka moto. Wa kwanza kulaumiwa ni mvua. Wa pili ni kampuni inayowauzia intaneti. Wa tatu ni yule msee wa chumba cha kona ambaye kila mtu anajua anadaunlodi muvi. Landilodi akichoka na kelele anatoa doo, ananunua rauta mpya, na baada ya siku mbili hiyo mpya nayo inaanza tabia zile zile.

Sasa tulia hapo. Rauta mbili tofauti kuharibika kwa njia moja, saa zile zile za usiku, si bahati mbaya. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ndani ya ploti yenu kuna kifaa kimoja kimeshikwa na mnyoo wa intaneti, na hicho kifaa kinaimaliza rauta bila hata kuigusa. Mwenye kifaa hajui. Na mara nyingi si yule wa muvi.

Mnyoo hapa si ule wa kumeza dawa. Ni programu mbaya inayojisambaza yenyewe. Virusi vya kawaida vinahitaji wewe ufungue faili ndiyo viingie. Mnyoo haukungoji. Ukishaingia kwa kifaa kimoja, unaanza kubisha milango ya vifaa vingine, anwani moja baada ya nyingine, dunia nzima, ukitafuta kimoja chenye shimo lile lile. Milango mingi haina mtu. Haijali. Inabisha tu.

Na huko kubisha ndiko kunaua rauta.

Wewe ni wa huku kwa majani chai, so fikiria kituo cha kununulia chai. Wakulima wamepanga laini, karani yuko na mizani na kitabu. Kila mtu anapimwa, jina linaandikwa, kilo zinaandikwa, anapewa risiti, anaenda zake. Mama akileta kilo 40, karani anaandika mara moja. Sasa anatokea jamaa na kilo mbili pekee, lakini anataka kupimiwa jani moja moja, na kila jani liandikwe kivyake na lipewe risiti yake. Mzigo wake ni mwepesi kuliko wa mtu yeyote hapo. Lakini kitabu kitajaa, karani atachoka, laini haitasonga, na lori la kiwanda litafika likute majani ya wengine yameshanyauka.

Rauta ni huyo karani. Ploti yenu yote inatoka nje kwa anwani moja ya intaneti, kwa hivyo rauta lazima iandike kwa kitabu chake: simu ya chumba namba 7 imeuliza kitu kwa Google, tivi ya chumba namba 12 imeuliza kitu kwa YouTube. Jibu likirudi, inaangalia kitabu ndiyo ijue ipeleke wapi. Kitabu hicho kinakaa kwa memori, na memori haina mlima. MikroTik hAP lite, hiyo rauta ndogo ya bei nafuu, iko na memori ya MB 32 pekee. Simu ya GB 3 ni karibu mara mia moja ya hiyo.

Hebu tupige hesabu. Tuseme kifaa kimoja chenye mnyoo kinabisha anwani 200 mpya kila sekunde, na rauta yenu inashikilia kila jina kwa kitabu kwa dakika mbili ikingoja jibu. Hizo ni sekunde 120 mara 200. Majina 24,000 kwa kitabu, kutoka kwa kifaa kimoja, na hakuna hata moja litajibiwa. Simu yako ukiwa unaskroli kawaida inafungua makumi tu, labda mia moja na kitu. Yaani huyo mmoja ni sawa na ploti kadhaa zikipangwa pamoja.

Sasa kitu ambacho kinawachanganya wasee wengi ni hiki. Kila kubisha kuna uzito wa kama baiti 60 tu. Mara 200 ni baiti 12,000 kwa sekunde. Wimbo mmoja ukiucheza onlaini kwa kiwango cha kilobiti 128 unakula 16,000. Kwa hivyo fundi akija akaangalia nani anakula intaneti nyingi, mwenye mnyoo anaonekana mtakatifu, na wa muvi anaonekana mwizi. Fundi anamkatia wa muvi, tatizo linabaki pale pale, na sasa ploti iko na uadui juu.

Ubongo wa rauta nao unapanda hadi asilimia 100. Waifai inaendelea kurusha jina lake hewani, ndiyo maana alama kwa simu haipotei, lakini hakuna wa kuhudumia maombi. Rauta nyingi ziko na mlinzi wa ndani anayeangalia kama mfumo bado unapumua. Akiona kimya, anaizima na kuiwasha mwenyewe. Hiyo ndiyo ile rauta yenu inajizima bila mtu kuigusa. Ikiwaka kitabu ni kitupu, mnapata raha, mnyoo unaendelea kubisha, kitabu kinajaa tena. Dakika kumi.

Kuna minyoo mingine inaanza na majirani kwanza. Inauliza kila anwani ya ndani ya ploti, hata zisizo na kifaa, na kila swali la aina hiyo linatangazwa kwa vifaa vyote kwa pamoja. Matangazo ya waifai yanarushwa kwa spidi ya chini ndiyo hata simu ya mwisho kabisa ya korido isikie. Yakizidi, hewa yenyewe inajaa. Hapo hata rauta ya bei mbaya haiwasaidii.

Hii kitu si mpya, na imeangusha watu wakubwa kuliko ploti yenu. Tarehe 19 Julai 2001, mnyoo ulioitwa Code Red ulishika kompyuta zaidi ya 359,000 kwa chini ya saa 14. Ulikuwa unawinda seva za tovuti za Microsoft. Lakini kulikuwa na rauta za nyumbani za Cisco, zile za familia ya 600, ambazo zilikuwa na kaukurasa kadogo ka kubadilisha mipangilio. Code Red ilibisha huko pia, ikidhani ni seva. Haikuweza kuziingia. Zenyewe ndizo zilishindwa kuelewa ombi, zikaganda, na mwenye nyumba akabaki kuchomoa waya na kurudisha. Nadhani hiyo hali unaifahamu.

Halafu 25 Januari 2003 ikaja Slammer, na hii ndiyo ya kutisha. Mnyoo mzima ulikuwa baiti 376. Aya hii unayosoma ni ndefu kuliko huo mnyoo. Uliingia kwa programu ya hifadhidata ya Microsoft, na hesabu ya waathiriwa ilikuwa inajidabo kila sekunde 8.5. Ndani ya dakika kumi ulikuwa umeshika karibu asilimia 90 ya mashine zote zenye lile shimo duniani, kama 75,000 hivi. Korea Kusini intaneti ililala. ATM za Bank of America zikagoma kutoa pesa. Na hizo mashine 75,000 si nyingi kwa dunia nzima. Iliyoumiza ni kelele zake: rauta na swichi za makampuni zilizidiwa na pakiti ndogondogo za kwenda anwani za kubahatisha tu. Baadhi ya hizo anwani ni zile maalum za kutangazia kundi zima kwa pamoja, na vifaa vilivyojaribu kuzihudumia vikaishiwa nguvu. Microsoft walikuwa wametoa dawa ya shimo hilo Julai 2002, miezi sita mbele. Watu hawakuweka.

Kenya ya 2003 haikuwa na kebo hata moja ya baharini. SEACOM na TEAMS zilifika 2009. Kabla ya hapo, kila baiti ya kwenda ng'ambo ilipandia satelaiti, kwa bei ya kuumiza, na bomba lenyewe lilikuwa jembamba. Sasa piga picha, mnyoo unabisha milango ya Marekani kutoka ofisi ya Nairobi kupitia bomba kama hilo. Ofisi ingelipia kila mbisho na bado barua pepe isitoke. Chuo cha Kabianga hakikuwa hata kimezaliwa. Kilianza kama koleji ya Moi mwaka huo huo wa 2009, kikapata hati yake 2013. So makomredi wa huku mlizaliwa kiintaneti enzi ya kebo, na kebo ilificha tatizo. Bomba likawa pana, lakini rauta ya ploti ikabaki ile ndogo.

Agosti 2003 ilileta moja ya kuchekesha. Mnyoo ulioitwa Welchia ulitengenezwa na mtu aliyetaka kusaidia. Uliingia kwa kompyuta, ukafuta mnyoo mwingine ulioitwa Blaster, ukajaribu kudaunlodi dawa ya Microsoft. Mtoto mzuri. Tatizo ni kwamba kabla ya kuingia popote ulikuwa unaita kwanza uone kama kuna mtu, na hayo maita yakajaza mitandao mizima. Mtandao wa jeshi la majini la Marekani ulizidiwa na huyu msamaria.

Lakini kama unataka kesi inayofanana kabisa na rauta yenu, ni Ujerumani. Tarehe 27 Novemba 2016, wateja kama 900,000 wa Deutsche Telekom walijikuta bila intaneti, wengine bila simu na tivi. Chanzo kilikuwa toleo la Mirai, mnyoo unaokula kamera, rauta na vifaa vingine vya nyumbani. Ulikuwa unabisha poti namba 7547, ule mlango ambao makampuni ya intaneti yanatumia kurekebisha rauta za wateja kutoka mbali. Watafiti walipochunguza rauta za Telekom zilizoanguka, waligundua hazikuwa na shimo ambalo mnyoo ulikuwa unatafuta. Hakuna iliyokuwa imeingiliwa. Zilikuwa zimechoka kubishiwa tu.

Nyuma ya hiyo kulikuwa na Mwingereza anaitwa Daniel Kaye, na hapa Afrika inaingia. Kaye alikuwa ameajiriwa kisiri na afisa mmoja wa Cellcom ya Liberia aipige kampuni pinzani, Lonestar MTN, alipwe kila mwezi. Alitumia jeshi la vifaa vilivyoshikwa na Mirai, na Novemba 2016 intaneti ya Liberia ikayumba. Zile rauta za Ujerumani ziliumia akiwa katika harakati za kukuza hilo jeshi. Alikamatwa uwanja wa ndege wa Luton Februari 2017, na Januari 2019 mahakama ya Uingereza ikampa miezi 32. Kamera ya mtu huko kwingine ilitumika kuzima biashara Monrovia, na mwenye kamera alikuwa anaona tu kwamba waifai yake siku hizi ni nzito.

Kabla mtu aniulize kuhusu eCitizen ya Julai 2023, ile siku hata tokeni za stima zilikataa: hiyo ilikuwa mafuriko ya maombi, ndiyo, na kikundi cha Anonymous Sudan kilijigamba. Oktoba 2024 Marekani ikawashtaki ndugu wawili Wasudani. Lakini ile ilirushwa kutoka seva, si kutoka vifaa vya watu vilivyoshikwa na mnyoo. Kwa upande wa anayepigwa maumivu yanafanana.

Haya, turudi ploti. Utajuaje ni mnyoo na si kitu kingine?

Anza na mvua, kwa sababu huku si utani. Ukanda wa Kericho na Nandi unajulikana kwa watafiti wa hali ya hewa kama moja ya sehemu zenye mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na radi zake ni za ukweli. Lakini radi ikipiga rauta haiichezei. Inaua poti moja kabisa, au inaua adapta, au rauta nzima inanuka kuungua na haiwaki tena. Radi haikuji kila dakika kumi usiku usio na wingu. Stima nayo ikicheza, taa ya chumba inacheza pamoja na rauta, kila mtu anaona. Na kama kebo ya kampuni imekatika huko barabarani, kuzima na kuwasha hakukupi hata dakika moja ya raha.

Mnyoo una ratiba ya binadamu. Rauta inasumbua jioni watu wakirudi kejani, inapona saa za leksha, na siku za likizo ploti ikiwa tupu inakuwa malaika. Chora saa ambazo inaanguka kwa siku tatu. Mara nyingi utaona inafuata mtu fulani kuingia na kutoka, hata kabla uguse waya.

Jaribio la pili ni la dakika moja. Intaneti ikisimama, fungua kompyuta na uite rauta yenyewe, kwa ploti nyingi ni 192.168 na namba mbili za mbele, utaiona kwa mipangilio ya waifai. Tumia amri ya ping. Kisha ita 8.8.8.8, ambayo ni ya Google. Rauta ikijibu haraka na Google ikikataa, tatizo liko nje, piga simu kwa kampuni na uwe mkali. Rauta yenyewe ikikataa, au ikijibu kwa kujivuta na kuruka, tatizo liko ndani na kampuni itakuzungusha bure.

Kama keateka ama fundi ana pasiwadi ya rauta, mambo ni rahisi zaidi. MikroTik inaweka kumbukumbu, na ikijizima inaandika sababu: iliishiwa stima, ama yule mlinzi wa ndani ndiye aliizima. Ukiona ni mlinzi, sahau KPLC. Kisha ingia kwa orodha ya miunganisho, iko upande wa Firewall, upange kwa anwani ya anayetoka. Usiangalie megabaiti. Angalia hesabu ya mistari. Kifaa chenye mnyoo kitakuwa na mistari mamia au maelfu, yote kwenda anwani tofauti lakini mlango ule ule, na karibu yote haijajibiwa. Mlango 23 au 2323 ni tabia ya Mirai na ndugu zake. Mlango 445 ni minyoo ya Windows kama WannaCry, ile ya Mei 2017.

Hapo ndipo unamsafisha yule wa muvi pia. Torenti kweli inafungua miunganisho mingi na inaweza kuchosha rauta ndogo. Lakini milango yake imechanganyika, na wengi wanamjibu, ndiyo maana muvi inashuka. Mnyoo unabisha mlango mmoja kwa dunia nzima na hakuna anayefungua. Hiyo tofauti iandike mahali, kwa sababu bila hiyo utamfukuza mtu asiye na hatia.

Na kama hakuna mwenye pasiwadi? Tumia waya. Ploti nyingi ziko na swichi yenye kebo za vyumba au za sehemu. Subiri saa ile mbaya, chomoa nusu ya kebo. Rauta ikipona, mwenye tatizo yuko kwa nusu uliyochomoa. Isipopona, yuko kwa nusu iliyobaki. Gawanya tena. Vyumba 32 unamaliza kwa mara tano tu. Mimi nilihepa chuo kabla ya kumaliza masomo, na bado hiyo hesabu imekubali. Waambie watu mapema lakini, usikatie mtu katikati ya CAT.

Kitu kimoja cha kisheria. Ukishajua ni chumba gani, gonga mlango. Usijaribu kuingia kwa kifaa cha jirani kwa ujanja uone kuna nini. Sheria ya Kenya ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2018 inasema kuingia kwa mfumo wa mtu bila ruhusa ni faini hadi milioni 5, au miaka mitatu ndani, au zote mbili. Hata kama ulikuwa unasaidia kama Welchia.

Ukigonga mlango, utapata nini? Mara nyingi ni kitu ambacho hakuna mtu anakiita kompyuta. Kamera ya ukuta ambayo pasiwadi yake ni ile ilitoka nayo kiwandani. Lapi ya mtumba yenye Windows ya zamani ambayo haijawahi kuapdetiwa. Ama kale kasanduku ka Android ka kufanya tivi iwe janja, kale kasiko na jina, kanakuja na chaneli zote za mpira bure. Hako ndiko nakashuku kwanza siku hizi. Juni 2025 FBI walitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, ambapo vifaa vya aina hiyo vingine vinatoka kiwandani vikiwa tayari vimeshikwa, na Julai Google wakaenda kortini wakisema ni zaidi ya milioni 10. Kifaa kama hicho huwezi kukiosha, kwa sababu uchafu uko kwa mfumo wenyewe. Kichomoe. Ndiyo, najua mechi iko Jumamosi.

Kamera inaoshika, ila kwa mpangilio. Mirai inakaa kwa memori ya muda tu, ukizima kamera inafutika. Lakini ukiiwasha na pasiwadi ile ile huku imeachwa wazi kwa intaneti, itashikwa tena kwa dakika chache. So izime, iwashe ikiwa haijaunganishwa nje, badilisha pasiwadi, ndiyo uirudishe. Lapi ipe apdeti zote, na ujue Windows 10 iliacha kupewa apdeti za kawaida za bure tarehe 14 Oktoba 2025. Na flashi za saiba za kuprinti asainmenti zichunguze. Conficker, mnyoo wa 2008, ulizunguka dunia ukipandia flashi hizo hizo.

Upande wa rauta, mwambie fundi aweke kikomo cha miunganisho kwa kila kifaa, tuseme 300, ili mmoja asimalize kitabu cha wote. Azuie vifaa vya wapangaji kutoka nje kwa mlango 23, 2323 na 445, na azuie kabla havijaandikwa kwa kitabu, si baada. Kwa MikroTik hiyo sehemu inaitwa Raw. Akizuia mahali pa kawaida, karani bado anamsikiliza kila mbishaji kabla ya kumfukuza, na ubongo unachoka vile vile. Aweke pia ile ya kutenganisha vifaa vya waifai visionane, kwa sababu simu yako haina biashara na tivi ya jirani.

Na rauta yenyewe iangaliwe. Mwaka 2018 MikroTik zilikutwa na shimo lililoruhusu mtu kuiba pasiwadi kutoka mbali. Kampuni ilitoa dawa mwaka huo huo, Aprili. Miaka mitatu baadaye, 2021, jeshi la rauta hizo lililoitwa Mēris lilikuwa linapiga tovuti kubwa, na MikroTik wakasema ni zile zile za 2018. Wenyewe wengine walikuwa wameapdeti. Hawakubadilisha pasiwadi iliyokuwa imeshaibiwa. Kwa hivyo fundi akikuambia ameapdeti, muulize swali la pili.

Ukifanya hayo yote na ping ya rauta bado inakataa hata nyaya zote zikiwa zimechomolewa isipokuwa lapi yako moja, basi rauta imekufa kweli. Landilodi anaweza kutoa zile doo za mpya.